Neno Limekatwa na Nani?

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya hulijua swali hili hata kabla hajaifungua karatasi ya fasihi: eleza jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake. Majibu nayo yamekaririwa. Ukiona neno ni fupi kuliko unavyolijua, andika inkisari. Likirefuka, mazida. Likibadilika sauti, tabdila. Maneno yakipinduliwa mpangilio, kuboronga sarufi. Kisha kila jibu linafungwa kwa sababu ile ile: ili kutosheleza mizani, au ili kupatanisha vina. Alama zinapatikana na shairi linasahaulika.

Sina ugomvi na istilahi hizo zikitumiwa kwa shairi la juzi, la mtu aliyesomeshwa Kiswahili sanifu. Ugomvi wangu ni pale zinapobandikwa juu ya tungo za Pate, Lamu au Mvita (Mombasa) za miaka 150 au 200 iliyopita. Kusema kwamba neno limefupishwa ni kudai kuwa palikuwa na neno refu, ndilo halali, mshairi akaja akalipunguza. Lilikuwapo wapi? Mkutano uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika Mombasa mwaka 1928. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, alikuwa amekwisha kufa takriban miaka 20 kabla ya hapo. Hapakuwa na usanifu wa wao kuukiuka.

Kuna njia rahisi ya kulipima jambo hili, nayo ni kuhesabu. Tuchukue umbo dogo kabisa, *n'na*, ambalo vitabu vya mazoezi hulitaja kama mfano safi wa inkisari: *nina* imepungua ikawa *n'na*. Sasa hesabu mizani. Ni-na, mbili. N'-na, mbili vilevile, kwa sababu N ile haikumezwa na NA inayoifuata; inasimama peke yake na kubeba pigo lake, kama M ya *mtu* inavyobeba lake. Vivyo hivyo *nitakuja* na *n'takuja*: nne kwa nne. Ikiwa mshairi alikata irabu ili kuokoa mizani, basi alikata bure, hakuokoa kitu. Maelezo yaliyo wazi ni kwamba hakukata. Aliandika alivyosema, na watu wa pwani mpaka leo husema hivyo wakiagiza chai.

Ile alama ya ritifaa iliyokaa kati ya N na NA nayo si ya mshairi. Tungo hizi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina alama ya kuonyesha kwamba kitu kimeondolewa. Ritifaa iliingia pamoja na herufi za Kirumi, mkononi mwa mhariri aliyekuwa na umbo jingine kichwani na kuliona hili kuwa na pengo. Msomaji wa leo huiona na kudhani ni kovu la kisu cha mtunzi.

*Mwango* ni kesi ngumu kidogo, kwa sababu hapa mizani inaokolewa kweli. *Mlango* ina mizani tatu: m-la-ngo. *Mwango*, mbili: mwa-ngo. Mwanafunzi ana haki ya kuishuku. Lakini *mwango* ndilo jina la kitu hicho Lamu. Mama akimwambia mwanawe afunge mwango kwa sababu ya mbu, hatungi utendi. L iliyoko katikati ya maneno mengi ya Kiunguja haimo katika lahaja za kaskazini; kwa mtu wa Pate, *mlango* ndiyo iliyoongezewa.

Na tusijidanganye kwamba Kiswahili sanifu hakina maneno ya namna hii. *Mkewe*, *mumewe*, *nduguye*, *mwanao*: hayo yote ni majina yaliyomeza vimilikishi vyao, na hakuna anayeyaita inkisari, kwa kuwa yamo kamusini. Mtunzi wa zamani akiandika *nyumbaye* au *moyowe* kwa utaratibu ule ule, ghafla tunaona uhuru wa kishairi. Kigezo chetu hapo ni orodha ya maneno tuliyoyazoea, wala hakihusiani na umbo.

Kundi la maneno linaloonewa zaidi ni lile la *mbwene* na *walele*. Maelezo ya pambizoni huandika: *mbwene*, yaani nimeona, *walele*, yaani wamelala. Kwa maana, ni sawa. Lakini msomaji akitazama silabi nne za *nimeona* kando ya mbili za *mbwene*, huhitimisha kwamba hapa pamefanyika ufupisho mkubwa kupita wote, neno limebanwa hadi nusu. Hapana. *Mbwene* haikutokana na *nimeona* hata chembe. Ni njeo nyingine, yenye mnyambuliko wake mwishoni mwa kitenzi, ya nasaba moja na *-ile* ya Kibantu. Msukuma, Mnyamwezi na Myao wanaitumia nasaba hiyo kila siku. Wakikutana na *walele* katika utendi wa kale wana nafasi nzuri ya kuihisi kuliko mtoto wa Dar es Salaam aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake. Lahaja za kaskazini zilikuwa nayo, na washairi wakaishikilia. Ni sarufi kamili, na kuiita neno lililokatwa ni sawa na kumwita mjomba mtoto kwa sababu ni mfupi.

Nimetunga ubeti wa mfano kwa mtindo wa utendi, mizani nane kila mshororo, kwa maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu. Si ubeti wa kujivunia. Kazi yake ni kufanyiwa upasuaji:

Mbwene mwango kwenye ndoto
tozi likayaa mato
moyo ukawaka moto
ndia nami sikuona

Sasa tuuhamishie katika Kiswahili sanifu, neno kwa neno, kama wahariri wenye nia njema walivyozoea kufanya:

Nimeona mlango kwenye ndoto
chozi likajaa macho
moyo ukawaka moto
njia nami sikuona

Mshororo wa nne umebadilika sauti moja tu na haukudhurika: *ndia* na *njia* zina mizani mbili mbili. Wa tatu haukuguswa. Wa pili una mizani nane kama kwanza, lakini kina kimepotea. *Macho* hailingani tena na *ndoto* na *moto*. Wa kwanza umefumuka kabisa, mizani 11 mahali pa nane. Angalia jinsi madhara yanavyotofautiana. Badiliko la konsonanti (CH kwa T, NJ kwa ND, J kwa Y) haligusi mizani kamwe, linagusa vina tu, tena pale tu neno linapokaa ukingoni. Badiliko la silabi (L iliyorudishwa, njeo iliyobadilishwa) huvunja mizani popote lilipo. Kwa hiyo ukikuta toleo la utungo wa kale lenye mishororo inayochechemea, usikimbilie kusema mtunzi alikosea au mapokeo yamechakaa. Rudisha *mwango* mahali pa *mlango* kwanza, uhesabu tena.

Jambo jingine linajitokeza hapo. Mhakiki wa shuleni angesema *mato* katika mshororo wa pili ni tabdila iliyofanywa ili kupata kina cha TO. Kwa mtu wa Lamu ni kinyume: kina kilichaguliwa kwa sababu macho huitwa *mato*. Lahaja ndiyo iliyompa mtunzi akiba yake ya vina, naye akatunga ndani ya akiba hiyo. *Mato* hukutana na maneno ambayo *macho* haiwezi kukutana nayo, na *kitwa* ya Mvita ina majirani wengine kabisa kuliko *kichwa*. Ndiyo maana tungo za Muyaka zikihamishiwa Kiunguja hupoteza zaidi ya ladha. Picha zenyewe huvurugika, kwa kuwa picha moja iliileta nyingine kwa kuvutwa na kina.

Humo ubetini mna mtego pia, na mzee wa Mvita au Lamu atakuwa ameshaunasa. T ya *mato* na T ya *moto* si moja. Ile ya kwanza, inayosimama pale Kiunguja kinapotumia CH, hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno. Ya pili huguswa nyuma kidogo, kwenye ufizi. Ndiyo tofauti inayotenganisha *teka* ya kucheka na *teka* ya maji kisimani. Kiunguja hakina tofauti hii, na alfabeti yetu iliyojengwa juu yake haina herufi ya kuionyesha. Wala haionyeshi pumzi inayomtofautisha *paa* wa porini na *paa* la nyumba katika matamshi ya pwani. Mmisionari William Taylor, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kukusanya tungo za Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizisikia tofauti hizi na kuziwekea alama. Alama hizo zilichosha wapiga chapa na wasomaji, zikaachwa. Basi kina kinachoonekana timilifu kwenye karatasi huenda kwenye sikio kali kikawa kimelegea, na mshairi anayeonekana amerudia neno moja mara mbili huenda amecheza na maneno mawili. Anayetaka kuhakiki vina vya Kimvita kwa macho peke yake ahakiki kwa tahadhari.

Na hati ya Kiarabu je, ilitunza nini? Kwa desturi ya zamani, alama moja ya kasra ilisomwa I au E, na dhuma moja ilisomwa U au O. Herufi ba ilibeba B, P na MB. Kwa hiyo ba mbili zenye kasra zaweza kuwa *bibi*, na zaweza kuwa *pembe*. Msomaji wa wakati ule hakutaabika, kwa kuwa aliujua utungo kwa kuusikia, na maandishi yalikuwa ya kumkumbusha. Sisi tuliokuja baadaye tunategemea uamuzi wa mhariri: kila E na kila P unayoiona katika toleo la Kirumi la tungo za karne ya 18 na 19 imechaguliwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mwenyeji. Lakini kitu kimoja hati ile ilikitunza vizuri mno, nacho ni idadi ya silabi. Konsonanti na irabu yake, konsonanti na irabu yake. Unaweza kuhesabu bila hata kujua maana. Iliyoyumba ni tahajia, na mizani ikabaki imara. Ndiyo maana naikazania hesabu kuliko macho.

Wahariri wenyewe hawakuwa wa namna moja. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utungo wa mizani kumi kwa mshororo kuhusu kuanguka kwa Pate, ulichapishwa mwaka 1915 pamoja na tafsiri ya Taylor ndani ya kitabu cha C. H. Stigand, ambacho ni sarufi ya tofauti za lahaja za Kiswahili. Utungo mkuu wa lugha yetu uliingia kitabuni kama kielelezo cha lahaja. Hapo palipandwa mbegu ya tabia ya kuisoma Al-Inkishafi kama ghala la maneno magumu yenye kuhitaji faharasa. William Hichens alipoitoa tena mwaka 1939, na Diwani ya Muyaka mwaka 1940, alitufaa sana, na sioni haya kumshukuru. Hata hivyo wasomaji wake wengi walifika kwenye tungo hizo wakiwa tayari na Kiunguja mkononi, wakipimia.

Je, inkisari haipo kabisa katika tungo za kale? Ipo. Nayo inavutia zaidi ukishaiondolea yasiyo yake. Tazama *haona* mwanzoni mwa masimulizi. Msomaji wa leo akiona HA huwazia ukanushi, kisha anashangaa mbona mwisho si I. Kumbe ni *nikaona*: katika matumizi ya zamani ya pwani, *nika-* huweza kujikunja ikawa *ha-*. Silabi nne zimekuwa tatu. Hapa mshairi ameokoa mizani kweli, lakini kwa umbo lililokuwa vinywani mwa watu. Alikuwa na maumbo mawili, refu na fupi, yote halali, akachukua lililomtosha. Nadhani hiyo ndiyo sura ya kawaida ya uhuru wa washairi wale: kuchagua. Aliyejua maumbo mengi zaidi ya lugha ndiye aliyekuwa huru zaidi, na washairi wa Mvita waliokopa maumbo ya Kiamu katika tendi zao, kwa kuwa Kiamu kilikuwa na heshima ya utungo, walikuwa wakijiongezea akiba hiyo.

Hatua moja mbele ndipo palipo na ukataji wenyewe. Mtunzi anaandika *kaona*, bila nafsi. Nikaona? Ukaona? Akaona? Ubeti unaotangulia hutoa jibu mara nyingi, lakini si mara zote, na katika shairi la malumbano kutotajwa kwa nafsi kunaweza kuwa silaha: mlengwa anajijua, na mshairi hajamtaja. Mhariri akiweka ritifaa, *'kaona*, anatuambia kuna kilichodondoka bila kutuambia ni nani. Tena huenda hakikudondoka kitu, maana Unguja *kaja* ni amekuja, na *kaona* ni ameona, hivyo hivyo ilivyo, bila upungufu. Umbo moja lina njeo mbili na nafsi tatu. Maneno kama haya yangestahili aya nzima ya uhakiki, lakini katika karatasi ya mtihani hupata alama moja na mshale.

Kuhusu kuboronga sarufi sitasema mengi, ila kwamba jina lenyewe ni la matusi. Anayeandika *wangu moyo* kaboronga nini? Kivumishi kimetangulia ili kipate uzito, na ukingo ukabaki na YO. Mtu hupongezwa kwa mpangilio huo katika lugha nyingi za dunia.

Hali inageuka tukifika karne ya 20. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni ya Kimvita. Lakini Kimvita hicho si kile cha Muyaka, hata neno likiwa lile lile. Muyaka aliandika Kimvita kwa sababu ndiyo lugha ya mji wake, mji uliokuwa ukishindana na masultani wa Busaidi wa Zanzibar mpaka watawala wake, Mazrui, wakashindwa mwaka 1837. Abdilatif alikuwa na sanifu ubavuni, inafundishwa kila shule, naye akaiacha. Huo ni uamuzi, na mhakiki anaweza kuuhoji kama uamuzi: una maana gani mfungwa wa dola kuzungumza kwa lahaja ambayo dola haikuiteua? Ukimuuliza Muyaka swali hilo hatakuelewa. Sauti ya Dhiki ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba lahaja iliwafungia wasomaji nje. Ahmad Nassir Juma Bhalo katika Malenga wa Mvita, na Ahmad Sheikh Nabhany kwa Kiamu chake katika Sambo ya Kiwandeo, wanahitaji kuulizwa swali la namna hiyo hiyo, kila mmoja kwa kadiri yake.

Aliyebaki ni mshairi wa gazetini, mzaliwa wa Morogoro au Kakamega, ambaye hajapata kuishi pwani na bado anaanza shairi lake kwa kumwomba mhariri ampokelee *hino* barua, badala ya *hii*. Hi-i ni mizani mbili, hi-no ni mbili, hakuokoa chochote. Limekaa katikati ya kipande, kwa hiyo kina pia si hoja. Analiweka kwa sababu amesikia kwamba ndivyo mashairi yanavyosema, na mishororo mitatu mbele anaandika *mlango* na *kichwa* bila wasiwasi. Huyu ndiye anayestahili swali la uhuru wa kishairi, maana kwake *hino* ni vazi alilolivaa kwa hiari. Jibu la mtihani kwamba alitaka kutosheleza mizani ni kosa hata kwake.